Bisha Hodi Kabla ya Kulia

Mama Mdogo alilia kila jioni ya siku ya kazi na hakuna aliyempa pole. Alitetemeka, alipiga ukemi, aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka, alizimia juu ya godoro jipya ambalo nailoni yake ilikuwa marufuku kutolewa. Kisha aliinuka, akakaza kitambaa chake cha kichwa na kuuliza, "Haya, nani anafuata?" Alikuwa mwalimu wa Kiingereza.

Ni mdogo wake mama yangu, kitinda mimba wa familia. Nilihamia kwake mwaka ule nilioachana na chuo kikuu, au chuo kikuu kilipoachana nami. Kila upande una maelezo yake. Nilikwenda na begi moja, nikasema nakaa wiki mbili, nikakaa mpaka sofa ikashika umbo langu.

Kwa wale ambao Mungu amewaepusha na Kiingereza, nieleze kwanza balaa lenyewe. Sisi tuna kijineno chetu kimoja, kwa, ambacho ni kama mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya bahili: yeye huyo huyo anapika, anafua, analinda geti na kubembeleza mtoto. Unatetemeka kwa baridi, unalia kwa furaha, unazimia kwa njaa, unacheka kwa dharau. Kazi zote hizo anafanya kwa, na hajawahi kudai likizo. Waingereza wao ni watu wa makuu. Kila tendo wameliajiria mtumishi wake, na ole wako umtume wa huyu kwa yule. Ukitetemeka anakuja with. Ukishtuka anakuja at. Ukizimia ni from. Na ukitaka kuangua kilio sharti umwite into, ambaye kazi yake ni kuingiza watu ndani.

Vitabu vya shule viliwapanga watumishi hao katika safu ndefu na kumwamuru mtoto akariri. Mama Mdogo alikariri hivyo usichanani, akafaulu, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja akapita kati ya madawati, akamkuta mtoto ameandika bila kosa hata moja kwamba mtu fulani alikuwa anatetemeka kwa hofu, na huku mwandishi mwenyewe anapiga miayo mpaka koromeo linaonekana.

"Nikajiambia," alinisimulia, "huyu hajawahi kutetemeka kwa Kiingereza hata siku moja. Ameandika habari za watu."

Basi akawasimamisha watoto. Akaanza kuwatetemesha, kuwashtua, kuwazimisha na kuwaliza, na Kiingereza kikaanza kuwaingia kupitia magoti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipokuja mkaguzi wa elimu. Mtu yule alipofika koridoni aliona watoto wamejipanga mstari mmoja, macho makavu, wametulia kama wanasubiri uji, na kila aliyevuka mlango wa darasa anaangua kilio. Akadhani mle ndani kuna kitu. Hakutaka kujua ni kitu gani. Mara ya mwisho alionekana anaruka ua wa shule, mkoba kifuani, kiatu kimoja amewaachia watoto kama kumbukumbu.

Mwalimu mkuu, ambaye aliogopa barua ya juu kuliko simba, alimwambia Mama Mdogo arudi kwenye safu za kukariri. Mama Mdogo akarudi nyumbani. Aliondoka na boksi la chaki ndani ya mkoba, akapanga chumba juu ya duka la magodoro, akaandika mlangoni kwamba anafundisha watu wazima jioni.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Ngazi za mbao, na ya pili kutoka juu ililia kama paka aliyebanwa mkia, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuchelewa kimyakimya. Ubao ulioegemezwa ukutani. Madawati yenye majina ya watu wasiojulikana yaliyochongwa kwa wembe. Harufu ya sponji mpya kutoka chini, ambayo hata sasa nikiinusa dukani najikuta nimenyoosha mgongo kama naulizwa swali.

Na humo ndani, kila mtumishi wa Kiingereza alikuwa na makao yake. With alikuwa koti jeusi lililoning'inia kwenye msumari. Ukitaka kutetemeka kwa hasira, unalivaa kwanza, maana hasira iko nawe, imekufunika, unatembea nayo. At alikuwa dirisha. Ukitaka kushtuka, kushangaa au kucheka kwa Kiingereza, unakwenda dirishani, unatafuta kitu huko chini barabarani, unakishtukia hicho. Ili mimi nisile bure, nilipewa ajira ya kusimama chini ya dirisha nichekwe. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani ambayo nilikuwa na sifa zake zote. From alikuwa godoro: unaanguka hapo, na kabla hujafumba macho unatamka umezimia kutokana na nini. Liliazimwa dukani kila jioni na kurudishwa kabla ya kufunga, na mwenye duka alikuwa na sharti moja: "Zimieni mnavyotaka, lakini msinigeuzie mtumba."

Mlango ulikuwa wa into, na mlango ndio uliokuwa fahari ya Mama Mdogo.

"Kwetu," angesema, chaki sikioni kama seremala, "hofu humwingia mtu. Huzuni humshika. Butwaa humpiga. Yaani sisi tumekaa zetu tu, hisia ndizo zenye miguu na mikono. Kwao ni kinyume. Kilio ni chumba, na mtu anakiingia kwa miguu yake. Sasa, chumba cha wenyewe unakiingiaje?"

"Kwa hodi!" darasa likaitikia.

Ndiyo hivyo. Hakuna Mwingereza aliyewahi kubisha hodi kabla ya kulia, nina hakika, lakini wanafunzi wa Mama Mdogo walibisha. Unatoka nje kwenye kijukwaa cha ngazi na uso mkavu. Unagonga: "Hodi!" Darasa zima linajibu: "Karibu ulie!" Unavuka kizingiti, na hapo ndipo machozi yanapoanza, si kabla. Aliyeanza kabla ya kizingiti alirudishwa.

Ukimaliza, kuna jambo la mwisho ambalo halikusamehewa mtu. Unapitisha kiganja usoni, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, taratibu, kama mtu anayefuta ubao. Kiganja kikifika kidevuni, uso uwe mweupe, hauna kitu. "Futa ubao!" darasa lilipiga kelele. "Msinibebee vilio vya darasani mpaka majumbani kwenu," Mama Mdogo alisema. "Wake zenu watakuja kunidai maelezo."

Wanafunzi walikuja na kwenda, ila watatu walikuwa kama samani. Msusi, ulimi wake mkali kuliko kitana, alijifunza ili aelewe wateja wa kigeni wanalalamika nini wakivutwa nywele. Mstaafu alijifunza kwa sababu wajukuu zake waliozaliwa ughaibuni walikuwa wanacheka sana kwenye simu. "Nataka kujua," alisema siku ya kwanza, "wanacheka na mimi au wananicheka mimi." Mama Mdogo akamwonyesha koti, akamwonyesha dirisha, akamwambia jibu liko kati ya hivyo viwili.

Wa tatu aliitwa Bucha, jina la duka lake lililomganda mwenyewe. Alikuwa jibaba ambalo likiketi, dawati linaomba msaada. Alitaka kazi kwenye jiko la hoteli kubwa. Kutetemeka aliweza, na koti lilipasuka makwapani kwa ushahidi. Kuzimia alizimia mpaka mwenye duka akapanda juu kuangalia dari yake. Kilio ndicho kilichomshinda. Aliingia kilioni uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko.

"Huyu analia," Msusi aliuliza, "au kuna mtu anamdai jina lake na amelisahau?"

"Nalia ndani kwa ndani," Bucha akajitetea.

"Kiingereza hakina ndani kwa ndani, mwanangu," Mama Mdogo alisema. Wote walikuwa wanawe, hata Mstaafu aliyemzidi umri. "Toka nje, bisha hodi upya."

Alitoka, akabisha. Alitoka, akabisha. Mlango ulichoka kabla yake.

Sasa fikiria maisha ya nyumbani. Mwalimu mwema hufanya maandalizi, na Mama Mdogo aliyafanya jikoni. Unakata zako kitunguu, unasikia mtu anapiga ukemi wa hofu. Unageuka, ni yeye, mwiko mkononi, anajaribu ukemi mwingine mfupi zaidi. Majirani wa mwanzo walikuwa wanakuja mbio, mmoja na ndoo ya maji, mmoja na panga. Baadaye walizoea. Jirani wa ukuta wa pili alifikia hatua ya kusahihisha: "Mwalimu, ule wa jana ulikuwa mzuri zaidi!"

Baba Mdogo ndiye aliyepita wote. Mume wa Mama Mdogo alikuwa fundi redio. Alikaa sebuleni kwenye kiti chake cha chuma chenye mguu mmoja uliochomelewa vibaya, meza imejaa matumbo ya redio za watu, na kutoka hapo, bila kuinua kichwa, aligawa alama.

Kilio kutoka jikoni.

"Sita!"

Kilio kingine.

"Saba. Mwisho wake umepwaya."

"Wewe unajua nini kuhusu Kiingereza?" Mama Mdogo angeuliza.

"Sijui Kiingereza. Najua spika iliyopasuka."

Walikuwa wanapendana hivyo, na mimi kwenye sofa nilijifunikia mto nicheke. Mpaka siku ile ya mafuta. Mama Mdogo alikuwa anakaanga, sufuria ikateleza, mafuta yakamrukia mkononi. Akapiga kelele ambayo, nikikumbuka sasa, haikufanana na nyingine yoyote. Kutoka sebuleni ikaja sauti ya mtu aliyeridhika: "Nane! Leo umeongeza chumvi!" Na kutoka ukuta wa pili makofi.

Alitokea mlangoni mwa sebule ameshika mkono wake, ngozi imeanza kututumka. Baba Mdogo aliinua kichwa, akaangusha chuma cha kuchomelea, akaunguza zulia, akakimbia kutafuta maji huku anajigonga kwenye milango ya nyumba yake mwenyewe. Aliomba radhi wiki nzima. Lakini Mama Mdogo hakukasirika, na hilo ndilo lililotutisha. Alikaa na mkono wake kwenye bakuli, akasema polepole:

"Mimi nimejifuja. Siku nikilia kweli, nani atanijua?"

"Nitakujua mimi, mke wangu."

"Wewe umenipa nane."

Baba Mdogo akayabadilisha maji ya bakuli.

"Kaka atanijua," Mama Mdogo akasema, akijijibu mwenyewe. "Kaka peke yake."

Kaka huyo ni mjomba wangu, fundi baiskeli katika mji mwingine. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa mwisho, akamsomesha kwa spoku na mipira ya ndani. Alikinyamazisha kilio cha Mama Mdogo tangu akiwa mchanga, na alidai anakijua kama mlio wa kengele ya baiskeli yake. Kila mwisho wa juma alipiga simu, na simu ilianza kwa maneno yale yale.

"Bado unalia huko?"

"Bado, kaka."

"Lia vizuri, wasije wakakukata mshahara."

Kisha alimwambia, "Hebu nilizie kidogo." Mama Mdogo analia kwenye simu, kilio safi cha darasani, na mjomba anacheka mpaka anakohoa: "Muongo mkubwa wewe! Huyo si wewe." Hakudanganyika hata mara moja. Mama Mdogo akikata simu alikuwa amejaa amani, kama mtu aliyejipima uzito akakuta bado ni yule yule.

Kisha kikohozi cha mjomba kikaanza kuja hata pasipo kicheko. Mama Mdogo alikwenda kumwona, akarudi, akasema anaendelea vizuri, kwa ile sauti ambayo watu huitumia kwa mambo yasiyoendelea vizuri. Simu ilikuwa haitoki mkobani mwake, na mkoba hautoki begani, hata darasani.

Jioni yenyewe ilikuwa ya mvua, kwa hiyo nami sikuwa barabarani kuchekwa. Nilikaa dawati la nyuma. Zamu ilikuwa ya mlango. Mstaafu alikuwa ametoka kulia kilio kizuri cha kiungwana, chenye leso. Bucha alikuwa amejaribu na kushindwa, na Msusi alikuwa anamshauri afikirie bei ya ng'ombe. Simu ikaita mkobani. Mama Mdogo akatazama namba, akasema, "Samahani, wanangu," akatoka kwenye kijukwaa cha ngazi, akauvuta mlango nyuma yake.

Hatukusikia kitu. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Kisha mlango ukafunguka, na Mama Mdogo akaingia analia.

Mnajua tulifanya nini? Tulifanya tulichofundishwa. Tulitazama miguu.

"Aaa, Mwalimu!" Bucha alifurahi kuliko wote, kwa mara ya kwanza kosa halikuwa lake. "Umekianzia nje! Kizingiti, Mwalimu!"

"Na hodi je?" Msusi akadakia. "Hujabisha hodi! Nyumba ya watu hiyo!"

"Arudi nje!" akasema Mstaafu, na darasa zima likachukua wimbo: "Arudi nje! Arudi nje!"

Alitutazama. Kinywa kilifunguka. Nadhani alitaka kutuambia. Nadhani pia kwamba mtu akipigwa na jambo kubwa, mwili wake hushika njia iliyo karibu, na njia ya karibu ya mwili ule ilikuwa ni ile ile aliyoipita maelfu ya mara. Aligeuka. Akatoka. Akaufunga mlango.

Tukasubiri tunachekacheka. Ikaja sauti ndogo, ya mtoto kabisa:

"Hodi."

"Karibu uliiie!" tukaitikia kwa nguvu zote mpaka mwenye duka akagonga dari kwa ufagio.

Akaingia. Nilikuwa nimemwona Mama Mdogo analia mara nyingi kuliko nilivyowahi kuona mvua, lakini huyu aliyeingia alikuwa amejikunja katikati kama karatasi. Tukapiga makofi. Msusi alipiga mluzi. Bucha alisimama kwa heshima, dawati likainuka naye.

"Hicho sasa ndicho kilio!" akasema. "Mwalimu, futa ubao!"

"Futa ubao! Futa ubao!"

Mama Mdogo akainua kiganja, akakipitisha usoni, kutoka kwenye paji, taratibu, mpaka kidevuni.

Kilio kilikuwa bado kipo.

Mtu mmoja akacheka, akakatisha katikati. Mama Mdogo akakitazama kiganja chake kama chombo kilichoharibika. Akarudia. Paji, macho, pua, mdomo, kidevu. Kilikuwa kipo. Akarudia mara nyingine kwa haraka, akisugua, kama mtu anayefuta ubao ulioandikwa kwa rangi ya mafuta, na uso ule ukakataa kufutika.

Msusi, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Mwalimu," Bucha akasema kwa sauti ya chini sana. "Si cha darasani hiki?"

Mama Mdogo akatikisa kichwa. "Kaka yangu," akasema. Basi.

Ukiwaondoa watu wazima kwenye Kiswahili chao ukawafundisha kulia upya, utawakuta wamesimama hivi hivi siku ya kilio chenyewe, mikono inaning'inia, hawajui waanzie wapi. Tulijua kusema pole, bila shaka. Lakini viganja vyetu vilikuwa bado vina joto la makofi. Aliyetuokoa ni Bucha. Alitoka nyuma ya dawati, akampita Mama Mdogo akiwa ameinamisha kichwa, akatoka nje, akaufunga mlango. Tukadhani amekimbia. Ngazi ya pili kutoka juu haikulia.

"Hodi," akasema Bucha huko nje.

Nani angejibu?

"Hodi," akarudia, na sauti ikamvunjikia.

Mama Mdogo aliinua uso wake ule uliolowa. "Karibu, mwanangu," akasema.

Bucha akavuka kizingiti akilia. Jibaba lile lote, uso ule uliofungwa miaka, komeo limetoka. Akalia kwa sauti, akalia kwa mabega, machozi yakashuka mpaka kwenye shingo ile ambayo haikuwa shingo. Msusi naye akatoka, akabisha hodi, akaitikiwa, akaingia. Mstaafu akavua miwani yake kabisa, akaikunja, akatoka. Walikuja mmoja mmoja kumlilia fundi baiskeli ambaye hawakuwahi kumwona, na kila mmoja Mama Mdogo alimkaribisha, kama mwenye nyumba. Hakuna aliyefuta ubao jioni ile.

Tulimsindikiza nyumbani mvuani, Bucha amemfunika kwa lile koti jeusi lililopasuka makwapa. Nilikuwa natembea nyuma naogopa jambo moja, na likatokea. Tulipokata kona ya uchochoro wetu, Mama Mdogo alishindwa tena, akalia kwa nguvu, na kutoka dirishani mwa sebule, juu ya mngurumo wa redio, ikaja sauti yenye furaha na fahari ya mume mwema:

"Tisa! Tisa, mke wangu! Leo umeniweza!"

Hajawahi kutoa tisa maishani mwake.

Bucha aliingia wa kwanza. Hakubisha hodi. "Baba," akasema, "zima redio."

Baba Mdogo alimtazama yule mtu mkubwa mwenye macho mekundu, akamtazama Msusi na Mstaafu waliolowa mlangoni, akazima redio. Mama Mdogo alisimama katikati ya sebule na koti mabegani. Kiti cha chuma kikalia, mguu ule mbovu ukakwaruza sakafu: Baba Mdogo ameinuka. Akamwendea mkewe. Kwa kuwa hakujua Kiingereza, na kwa kuwa kufuta ubao ndilo jambo pekee la darasani alilolielewa, akaweka kiganja chake chenye harufu ya risasi ya kuchomelea redio kwenye paji la mkewe, akakishusha taratibu, macho, pua, mdomo, mpaka kidevuni.

Akatazama. Uso haukufutika.

"Kaka?" akauliza.

"Kaka."

Kiganja alikiacha pale pale kidevuni. "Ile tisa naifuta," akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka kama spika anazozijua.

"Usiifute," Mama Mdogo alisema katikati ya kilio. "Iache. Kaka angecheka."

Tulisafiri, tukamzika mjomba, tukarudi. Darasa liliendelea miaka mingi baada ya hapo. Mstaafu alikuja kugundua kwamba wajukuu walikuwa wanamcheka yeye, ile ya dirishani kabisa, na akafurahi kupita kiasi, kwani kumbe muda wote alihofu kwamba wanacheka mtu mwingine na yeye hayumo hata kwenye mzaha. Bucha alipata jiko lake hotelini. Msusi anasuka wageni na kuwajibu.

Chumba chenyewe leo kinauza vifuniko vya simu. Nilipanda juzi kununua kimoja nisichokihitaji. Ngazi ya pili kutoka juu imetengenezwa, hailii tena, na nilichukizwa na fundi aliyefanya hivyo. Kizingiti kipo. Kijana wa duka alinishangaa nilivyosimama nje ya mlango ulio wazi, sijui naingia au siingii.

Kilichobadilika nyumbani kilikuwa kitu kimoja. Baba Mdogo hakutoa alama tena. Kilio kikitoka jikoni, cha mazoezi au kisicho cha mazoezi, kiti cha chuma kililia, akaja, akapitisha kiganja usoni mwa mkewe. Uso ukifutika, alirudi kwenye redio zake akinung'unika kwamba wateja wanasubiri. Usipofutika, aliketi naye. Siku za maandalizi mazito aliinuka mara nyingi kuliko muuguzi wa zamu, na sikumsikia akisema hapana.

Sasa wote wawili ni wazee. Darasa limefungwa zamani, Baba Mdogo anatembea na mkongojo, na redio anazotengeneza zimebaki kuwa za watu wa rika lake. Nilikwenda kuwasalimu wiki iliyopita. Nilikuwa jikoni na Mama Mdogo, namenya vitunguu, tunamsengenya mama yangu, hana hili wala lile, mara akainua kichwa akaangua kilio kirefu, cha kizingitini kabisa, safi, cha kupewa saba.

Nilishtuka kisu kikaniponyoka. "Mama Mdogo! Huna mwanafunzi hata mmoja siku hizi. Mazoezi ya nani haya?"

"Shii," akasema, macho makavu yanacheka. "Nyamaza usikie."

Kutoka sebuleni, mkongojo ukagonga sakafu, na kiti cha chuma kikalia.